Eksirei ya kiwiko: kuambiwa "mfupa mzima" hakutoshi, uliza kama mafuta yamesogea

#1 Mionzi_Moshi

Wakuu, habari za jioni.

Shule zimefungwa. Kibosho na Marangu watoto wako juu ya miparachichi, huku chini Pasua na Majengo wako kwenye baiskeli, na vyumba vya eksirei vinajaa viwiko. Kazi yangu ni kupiga picha hizo. Naandika kwa ajili ya wazazi, na kwa wenzangu wa vituo vya afya ambako picha ya saa nne usiku inasomwa na tabibu mmoja asiye na bingwa wa kumuuliza.

Kiwiko kinaweza kuwa kimevunjika na ufa usionekane popote kwenye picha. Mfupa umepasuka lakini vipande havijaachana, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuacha mstari. Kwa mtoto ni vigumu zaidi, maana sehemu kubwa ya ncha za mifupa yake bado ni gegedu, yaani sehemu laini ambayo haijawa mfupa, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Anayetafuta ufa peke yake ataandika "hakuna mvunjiko", mtoto atapewa panado na kurudishwa nyumbani, na huko kuna mtu anamsubiri na mafuta ya moto amchue.

Picha hiyohiyo mara nyingi inakuwa imeshasema. Ndani ya kiwiko, kwenye kuta za mfuko wa kiungo, kuna vipande vya mafuta. Kimoja kiko mbele ya mwisho wa humerasi, ule mfupa wa mkono wa juu. Kingine kiko nyuma, kimezama kwenye shimo ambamo ncha ya kiwiko huingia tunaponyoosha mkono. Kwenye picha ya ubavuni, mkono ukiwa umekunjwa digrii 90, mafuta ya mbele yanaweza kuonekana kama ukanda mwembamba mweusi uliolala karibu na mfupa. Hiyo ni kawaida. Ya nyuma hayatakiwi kuonekana kabisa, shimo limeyaficha.

Mfupa ukipasuka ndani ya kiungo, damu inavujia kwenye mfuko. Mfuko unajaa na kusukuma mafuta. Ya mbele yanainuka na kutanuka kama tanga la jahazi lililoshika upepo, na ya nyuma yanatolewa shimoni yanaonekana kama weusi mwembamba nyuma ya humerasi. Norell aliandika kuhusu mafuta haya ya nyuma mwaka 1954, kwa hiyo si jambo la jana wala halihitaji mashine mpya. Mashine ya zamani kabisa iliyopo wilayani inayaonyesha, mradi picha ipigwe sawasawa.

Mwaka 1999 Skaggs na Mirzayan, madaktari wa Marekani, walichapisha habari za watoto 45 walioumia kiwiko. Picha za kwanza hazikuwa na ufa wowote, ila mafuta ya nyuma yalikuwa yanaonekana. Waliwatibu kama waliovunjika, kisha wakawapiga picha tena baada ya wiki kadhaa, wakati mfupa unaopona umeanza kuweka tabaka jipya. Watoto 34 walikuwa na ushahidi wa mvunjiko. Kati yao 18 ulikuwa juu kidogo ya kiwiko, 9 kwenye alna (mfupa wa mkono wa chini upande wa kidole kidogo), 4 upande wa nje wa mwisho wa humerasi, na 3 kwenye shingo ya radiasi (mfupa wa mkono wa chini upande wa kidole gumba). Robo tatu ya watoto ambao picha yao ya kwanza ingeweza kuandikwa "mzima"!

Mafuta ya nyuma yakionekana baada ya mtoto kuanguka, hicho kiwiko kihesabiwe kimevunjika mpaka kithibitike vingine. Karibuni kwa maswali.

#2 MamaWawili_Sakina

Asante kwa uzi, kaka. Umenigusa palepale. Mwanangu wa miaka 6 ameanguka ukutani juzi huku Sakina. Tulimpeleka hospitali moja, akapigwa picha mbili, tukaambiwa hana kitu. Leo siku ya tatu bado hanyooshi mkono, na kiwiko kimejaa ukilinganisha na kile kingine. Jirani anasema tumpeleke kwa mzee mmoja kule Ngaramtoni anachua vizuri sana. Nimeangalia picha dirishani naona kama kuna weusi nyuma, sijui ni macho yangu. Nifanyeje?

#3 Mionzi_Moshi

Dada, pole sana, na pole kwa mtoto. Picha siwezi kuisomea hapa, lakini mtoto mwenyewe amekueleza. Aliyeumia kiwiko akaweza kukinyoosha chote kama cha upande wa pili, uwezekano wa kuvunjika unashuka sana, japo haufutiki. Asiyeweza kukinyoosha siku ya tatu, na kimevimba, arudi hospitali kesho asubuhi, na picha zake uzibebe.

Usiku huu fanya mambo haya. Gusa vidole vyake uone kama vina joto na rangi sawa na vya mkono mwingine. Mwambie ainue kidole gumba juu. Mwambie aunganishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada afanye duara. Mwambie apishanishe kidole cha shahada na cha kati. Kila kimojawapo kinapima mshipa wake wa fahamu, na mvunjiko wa juu ya kiwiko unaweza kuuminya wowote kati ya mitatu hiyo.

Vidole vikiwa baridi au vimepauka, au maumivu yakizidi kila saa, au akipiga kelele unapomnyooshea vidole taratibu, usingoje asubuhi. Hapo damu haifiki kwenye misuli ya mkono wa chini. Volkmann wa Ujerumani alieleza mwaka 1881 mkono wa namna hiyo unavyoishia: misuli inakufa, vidole vinajikunja, na havinyooki tena. Ni suala la saa chache.

Na kwa mzee wa Ngaramtoni usimpeleke. Nakuomba sana.

#4 NesiMstaafu

Naomba niongezee hapo. Nimefanya wodi ya mifupa miaka mingi, nimestaafu niko Machame.

Wanangu, kiwiko hakichuliwi. Kifundo cha mguu kilichoteguka watu wanachua na Mungu anasaidia, ila kiwiko kina tabia yake. Ukikichua na kukilazimisha kunyooka, unaongeza damu ndani ya misuli, na damu hiyo inaweza kugeuka mfupa pale ambapo mfupa hautakiwi. Mtoto aliyekuja na ufa mdogo wa kupona kwa wiki tatu anabaki na mkono uliokakamaa. Na wale wanaofunga vijiti na vitambaa kwa kukaza, wengine wameletwa wodini vidole vimeshakuwa vyeusi, hakuna la kufanya isipokuwa kukata. Wala simtukani mzee yeyote anayetaka kusaidia. Namsemea mtoto.

Dada wa Sakina, mkono uutundike shingoni kwa khanga mpaka kesho, kiwiko kikae kwenye kona anayoiweza mwenyewe. Usimkunje kwa nguvu.

#5 Mionzi_Moshi

Shikamoo mama. Umesema lililokuwa moyoni mwangu.

#6 Tabibu_Rombo

Mkuu, niko kituo cha afya, picha nasoma mwenyewe. Mafuta naijua, lakini kuna siku nayaona kwa mtu ambaye baadaye anaonekana hana shida, na kuna siku siyaoni kabisa halafu mvunjiko upo. Tatizo ni macho yangu au ni picha?

#7 Mionzi_Moshi

Daktari, mara nyingi ni picha, na hapo lawama ni ya sisi tunaopiga. Nitaeleza kwa urefu, maana kila kitu kinaanzia hapa.

Picha ya ubavuni ikipigwa mkono umenyooka, ncha ya kiwiko inaingia shimoni na kuyasukuma mafuta ya nyuma nje. Yataonekana hata kwa mtu mzima wa afya. Picha hiyo haina haki ya kusemea mafuta. Ikipigwa mkono umepinda upande, mifupa inapandiana na kuyafunika. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote, jiulize kama ni ubavu wa kweli.

Mgonjwa akae ubavuni mwa meza, siyo asimame. Bega, kiwiko na kiganja vyote viwe kwenye usawa mmoja wa meza. Watoto wengi bega linabaki juu kwa sababu kiti ni kifupi, na picha inapinda hapohapo. Muinue mtoto, mpakate mapajani mwa mzazi ikibidi, mzazi avae aproni ya risasi. Kidole gumba kiangalie juu. Kiwiko digrii 90. Hapo kuna sharti moja: kama kiwiko kimeharibika umbo au mtoto analia ukikigusa, usikikunje kwa ajili ya picha. Mpige alivyo, zungusha mashine badala ya kuzungusha mkono, na uandike kwenye fomu kwamba kona haikuwa 90 ili msomaji ajue.

Halafu mwanga. Mafuta ni kivuli chepesi sana. Filamu ikichomwa kupita kiasi yanapotea kwenye weusi wote, kwa hiyo iweke kwenye taa kali, siyo dirishani jioni. Kama ni kompyuta, punguza na ongeza mwanga mpaka nyama laini ya mkono ionekane, usiishie kwenye mfupa tu.

Kuhusu mvunjiko usio na mafuta, zipo sababu za kweli. Mfuko wa kiungo ukichanika, damu inamwagikia nje na hakuna cha kusukuma mafuta. Na mvunjiko ulio nje ya mfuko, kama ule wa kinundu cha ndani cha humerasi, unaweza usijaze kiungo kabisa. Mafuta yaliyotulia yanatia moyo, lakini usiyaapie.

Ndiyo maana nasisitiza mistari miwili. Chukua rula. Mstari wa kwanza ushuke kwenye ukingo wa mbele wa humerasi kwenye picha ya ubavuni. Unatakiwa ukate theluthi ya kati ya kapitelamu, ule mfupa wa mviringo ulio mwishoni upande wa nje. Ukipita mbele yake, kipande cha chini kimelala nyuma: huo ni mvunjiko wa juu ya kiwiko hata kama ufa huuoni. Kwa mtoto chini ya miaka 4 mstari unaweza kupita theluthi ya mbele bila kuwa na tatizo, usimhukumu haraka.

Mstari wa pili upite katikati ya shingo ya radiasi na kuendelea. Lazima uingie kwenye kapitelamu, kwenye kila picha, mkono uwe umekaaje. Usipoingia, kichwa cha radiasi kimetoka mahali pake. Na hapo nenda moja kwa moja kwenye alna, ikague mpaka kiganjani. Monteggia wa Milano aliandika habari za jeraha hili mwaka 1814, na mpaka leo linapitwa, kwa sababu mtu akishaona alna imevunjika anaridhika, anafunga hogo (plasta ngumu), na kichwa cha radiasi kinabaki nje. Likigunduliwa mapema mara nyingi kwa mtoto linarudishwa bila shida kubwa. Likikaa wiki kadhaa inakuwa operesheni ngumu.

#8 KeshoDaktari

Mimi ni mwanafunzi hapa Moshi. Kinachonisumbua kwa watoto ni vile vifupa vidogo vinavyoelea, kila mtoto ana idadi yake. Najuaje hiki ni kipande kilichovunjika na hiki ni cha kawaida?

#9 Mionzi_Moshi

Hivyo ni mahali ambapo gegedu inaanza kugeuka mfupa. Vinatokea kwa mpangilio, mdogo wangu, na mpangilio ndio wa kushika kuliko umri. Kapitelamu huanza karibu mwaka 1, kichwa cha radiasi miaka 3, kinundu cha ndani 5, troklea (mwisho wa humerasi upande wa ndani, unapokutana na alna) 7, ncha ya kiwiko 9, kinundu cha nje 11. Wasichana huwahi kidogo.

Sasa faida yake. Ukiona kifupa mahali pa troklea lakini kinundu cha ndani hakipo mahali pake, usiandike kwamba ni troklea. Kinundu cha ndani hutangulia troklea. Basi hicho unachokiona huenda ni kinundu chenyewe, kimeng'olewa na kano na kunaswa ndani ya kiungo, hasa kama kiwiko kilitoka kikarudi. Huyo anakwenda kwa bingwa siku hiyohiyo. Ukiwa na shaka, piga picha ya kiwiko cha upande mzima ulinganishe, lakini usifanye hivyo kwa kila mtoto, ni mionzi ya bure.

#10 BodaKijenge

Nanyi wazee mmesahau watu wazima 😀 Mimi dereva boda, nimelala na pikipiki barabara ya Namanga wiki iliyopita, nikajishika na kiganja. Picha wamesema safi. Kukunja nakunja kidogo, ila kugeuza kiganja kiangalie juu nasikia kama sindano upande wa nje wa kiwiko. Hata mafuta ya pikipiki siwezi kuvuta.

#11 Mionzi_Moshi

Pole kaka. Kwa mtu mzima aliyejishika na kiganja, anayeumia upande wa nje wa kiwiko na kushindwa kugeuza kiganja, wa kwanza kushukiwa ni kichwa cha radiasi. Kwa watu wazima ndio mvunjiko wa kiwiko unaoongoza, na ufa wake mara nyingi haujisogezi. Rudi na picha, omba waangalie mafuta, na waombe picha moja ya mshazari ya kichwa cha radiasi. Mwambie daktari akubonyeze kifundo cha mkono pia, ule mfupa wa mwisho upande wa kidole kidogo. Kama na pale panauma, kuna utando unaounganisha radiasi na alna unaoweza kuwa umechanika, na matibabu yanabadilika.

Ufa usiosogea hauhitaji hogo la wiki sita. Mkono unatundikwa siku chache maumivu yapungue, halafu unaanza kuukunja na kuunyoosha mwenyewe. Kiwiko cha mtu mzima kikifungwa muda mrefu kinaganda, na wewe mkono ndio kazi. Boda usiendeshe kwa sasa, mkono usioweza kushika breki ni hatari kwako na kwa abiria.

#12 Mpare_Halisi

Mkuu nakuheshimu lakini nina mashaka. Mnataka kila mtoto mwenye hayo mafuta afungwe hogo? Umesema mwenyewe 11 kati ya 45 hawakuonekana na kitu. Mzazi wa Same au Mwanga anapanda gari mara mbili, analipa picha mara mbili, kumbe mtoto alivimba tu.

#13 Tabibu_Rombo

Hapo hata mimi nina mtazamo wangu. Mimi nafunga nusu hogo la nyuma kwa kila mtoto mwenye mafuta ya nyuma. Ukimpa kitambaa cha shingoni, kesho yuko juu ya mti.

#14 Mionzi_Moshi

Mpare, swali lako ni la haki, na gharama za mzazi si jambo la kupuuza. Kuvimba peke yake nako kunahitaji kupumzishwa, kwa hiyo wale 11 hawakupoteza kitu zaidi ya wiki chache za kutopanda mti. Pima na upande wa pili: ufa usiotulizwa unaweza kusogea, hasa ule wa upande wa nje wa humerasi kwa mtoto. Huo ukisogea na kuachwa, unaweza usiunge, na kiwiko kikapinda kadiri anavyokua.

Simlazimishi mtu hogo. Mafuta ya nyuma yapo, mistari iko sawa, vidole vyote vinafanya kazi: kutundika mkono vizuri au nusu hogo, vyote vinakubalika. Tabibu anamjua mtoto wake na mti wake. Kisichokubalika ni kumwacha bila tarehe ya kurudi. Arudi baada ya siku 7 mpaka 14. Kama ananyoosha mkono bila maumivu, picha ya pili haina haja, na nauli ya pili pekee ndiyo imetumika. Kama bado anaumia, apigwe tena.

CT wala MRI msimtume mtoto kwa sababu ya mafuta tu. Inaweza kuonyesha ufa, ni kweli, lakini matibabu yatabaki yaleyale.

#15 MamaWawili_Sakina

Vidole vina joto, vyote amevifanya, hata duara. Tumetundika kwa khanga kama mama alivyosema. Kesho saa kumi na mbili tunaondoka. Niulize nini tukifika?

#16 Mionzi_Moshi

Vizuri sana dada. Sema hivi: "Siku ya nne hajanyoosha mkono, naomba muangalie kama mafuta ya nyuma yanaonekana na kama picha ya ubavuni ilikuwa digrii 90." Hutamkosea heshima mtu. Kama watapiga tena, wewe mwenyewe mpakate na uhakikishe bega liko sawa na meza.

#17 Wifi_Usa

Samahani, la kwangu liko tofauti kidogo. Mtoto wa wifi yangu, miaka 2, hakuanguka popote. Wiki iliyopita alivutwa mkono kupanda hiace, akalia akaacha. Leo kiwiko kimejaa, cha moto, na ana homa tangu mchana. Ni hayo mafuta au ni ule mkono wa kuvutwa?

#18 Mionzi_Moshi

Dada, usisubiri uzi. Mkono wa kuvutwa, ule ambao kano inateleza kwenye kichwa cha radiasi, hauvimbi hivyo, hauna homa, na ungekusumbueni siku ileile. Mafuta yanasukumwa na kitu chochote kinachojaza kiungo, na usaha ni kimojawapo. Kiungo cha moto, kilichovimba, kwa mtoto mwenye homa ni dharura mpaka daktari aseme siyo, maana usaha unakula gegedu kwa siku chache tu. Wanaweza kumpiga eksirei, lakini anachohitaji ni kuchukuliwa damu na kutolewa maji ya kiungo kwa sindano usiku huu, kisha dawa za mshipani na pengine kuoshwa kiungo. Kutoka Usa River mpaka Arusha mjini usiku huu mtapata gari. Mkifika mapokezi anzeni kusema "homa na kiungo kilichovimba", habari ya hiace ifuate baadaye, wasije wakaishia kumrudisha mkono na kuwaruhusu.